Kutembea Bila Kwenda Popote

Kabula, mama yangu,

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya ukoo mzima, wa huku Ilemela na wa ng'ambo ya daraja, natangaza rasmi kwamba leo alasiri suruali ya kaki ya baba yako imefungika kifungo. Tukio limeshuhudiwa na mama yako pamoja na paka. Hakuna pumzi iliyobanwa wala goti lililosukuma. Mhusika ametembea kutoka kitandani hadi mlangoni, ameinama akaokota ndala, ameinuka, na kifungo kimebaki mahali pake. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Cheka tu. Wewe sasa uko kanisani unaagana na wanakwaya wenzako, begi lako limesimama hapa sebuleni limenuna kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Barua hii nitaichomeka mfuko wa pembeni, chini ya karanga, kwa kuwa najua karanga utazianza kabla basi halijatoka Mwanza. Habari za blanketi, za kufunga mlango na za wanaume wa Songea mama yako amezimaliza. Mimi nimeachiwa makombo, na makombo yangu ni mguu.

Unajua nilivyokuwa kabla hujanivalia njuga. Pale dukani Mirongo, katikati ya mapropela na plagi za injini za mitumbwi, nilikaa kwenye kile kiti cha chuma mpaka kiti kikaanza kufanana na mimi. Mteja akitaka propela ya juu kabisa, namwonyesha kwa kidevu, apande mwenyewe. Tumbo lilinitangulia kila mahali, na watu walilisalimia kabla yangu. "Bosi, mambo si mabaya!" Wavuvi walionizidi umri waliniamkia. Nilidhani wanaheshimu busara zangu.

Kisha ukanipeleka kliniki kwa hila, ukisema wewe ndiye unayeumwa. Hilo nimekwisha kulisamehe. Daktari akasema sukari imepanda, akanivua soksi, akachukua kale kauzi kagumu ka plastiki ili aniguseguse nyayo. Nikafumba macho kama nilivyoambiwa.

"Unasikia, mzee?"

"Nasikia vizuri sana."

Ndipo nikasikia sauti yako nyuma yake: "Baba, bado hajakugusa."

Mpaka leo nikikumbuka naona aibu na kicheko vinapigania mlango mmoja. Mguu ulikuwa umelala, mama, na mimi nilikuwa naujibia kama mzazi anayemjibia mtoto mtoro kwenye mahudhurio.

Tulipokuwa tunarudi ndipo nilipokuambia kuhusu ile picha ya babu yako ukutani, amekaa kwenye kiti cha uvivu, blanketi magotini. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini babu amejifunika na jua linawaka hivyo. Nikakwambia alikuwa anahisi baridi. Hakuwa na baridi yoyote. Chini ya blanketi ulikuwepo mguu mmoja. Alianza hivyo hivyo: tumbo la kusifiwa, kiti cha kukaa, kidonda ambacho hakujua kilianza lini. Aliona aibu hata kupigwa picha. Ulinisikiliza hadi mwisho. Kesho yake, hata jogoo wa jirani hajawika, ukagonga dirisha.

"Baba, amka."

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Amka tutembee."

"Kwenda wapi?"

"Juu."

Sikuwahi kukwambia nilivyouchukia mlima ule. Umekaa nyuma ya nyumba yetu miaka yote, mawe juu ya mawe, lile kubwa limeegemea wenzake kama mzee wa kanisa anayesinzia, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba ni mahali pa kuweka mguu. Siku ile ya kwanza nilifika kwenye banda la Mama Tabu muuza mkaa, nikainama kufunga kamba za viatu. Mbele kidogo nikainama tena. Ukanisubiri kwa adabu zote, halafu ukasema: "Baba, hivyo viatu havina kamba." Mama Tabu alicheka akaangusha debe.

Lakini hukuniacha. Hukunisukuma wala hukunihubiria. Ulitembea hatua mbele yangu ukiimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya, na kwa kuwa mimi nimezaliwa mwimba besi, siwezi kuiacha sauti ya pili peke yake barabarani. Nikawa nakufuata niifunike. Sijui kama uliipanga hivyo. Nimekuwa nikikutazama tangu umezaliwa nikidhani mimi ndiye ninayekulea.

Halafu ikaja ile asubuhi. Naiandika hapa ingawa ulikuwepo, maana nataka uwe nayo huko. Ilikuwa kiangazi, tulikuwa juu kabisa. Ziwa lilikuwa limelala, halina hata kunyanzi, visiwa vimekaa juu yake kama vimewekwa muda huohuo na mtu ambaye bado hajaondoa mkono. Kuna mitumbwi ilikuwa inarudi na taa zake bado zinawaka, japo kulikuwa kumepambazuka, na hazikuwa na haja tena, ila zilipendeza. Nikavua kiatu kumwaga changarawe. Nikaukanyaga mwamba.

"Kabula. Baridi."

"Nilikwambia uvae sweta."

"Siyo hivyo. Jiwe. Jiwe lina baridi."

Ulichuchumaa, ukaweka kiganja chako juu ya mwamba, pembeni ya mguu wangu, kama mtu anayehakikisha. Tukakaa hivyo. Mimi mtu mzima, mwenye duka, mwenye mke, nikalia kwa sababu ya jiwe. Ule mwamba umelala pale tangu kabla ya watu, na kila alfajiri umekuwa na baridi yake, na mimi nilikuwa nimenyang'anywa baridi hiyo bila hata kujua kwamba nilikuwa nayo. Sasa imerudishwa. Mguu umeamka! Ulikuwa umelala na kuudhiwa na kupuuzwa miaka yote hiyo, na ulipobembelezwa kidogo tu ukaamka bila kinyongo. Sijui kiumbe mwingine anayesamehe haraka namna hiyo, ukimtoa mama yako.

Nikawa napungua. Hapo ndipo Krismasi iliponikamata.

Mtu wetu akinenepa, watu wanamshukuru Mungu. Akipungua, wanachanga. Pale Mirongo jirani yangu wa maturubai alinivuta pembeni akaniuliza biashara imekumbwa na nini, tusaidiane kimya kimya. Mchungaji akanitaja kwenye sala ya wagonjwa, nami nikiwa palepale nimesimama safu ya besi, nikaitikia "Amina" kabla sijajua naombewa mimi. Na kuna mtu, sijui nani, alivusha habari mpaka ng'ambo, Busisi: mtoto wa Kabula, yule bibi yako uliyerithi jina lake, amekwisha.

Ndiyo maana Shangazi Nyanzala alifika wiki moja kabla ya sikukuu. Unakumbuka alivyosimama mlangoni, kibuyu cha samli mkono huu, jogoo amening'inia mkono ule, gunia la michembe, vile viazi vikavu, kichwani, na machozi hayo.

"Mayu wane, mama yangu! Wamemfanya nini mtoto wa kaka yangu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa. Usisimame, utaanguka, kaa! Hizi ni mbavu au ni fito za boma?"

"Shangazi, mimi mzima."

"Hata baba yako alisema hivyohivyo." Kisha akakugeukia wewe, maana umebeba jina la wifi yake na hajawahi kukuita vinginevyo: "Wifi, mbona hukuniita mapema?"

"Bibi, baba anafanya mazoezi."

"Mazoezi? Ana mechi na nani?"

Ulijaribu kumweleza, nilikusikia jikoni. Lakini utamweleza vipi mwanamke aliyelima, aliyeteka maji, aliyechunga, kwamba kuna mtu anatembea kwa makusudi bila kwenda popote? Aliona ni dalili nyingine ya ugonjwa.

Nikagundua sheria ambayo sikuwahi kuijua nikiwa mnene. Mtu mnene akikataa sahani, anaitwa mstaarabu. Mtu mwembamba akikataa sahani, anatafutiwa mchungaji. Njia pekee ya kuwathibitishia kwamba siumwi ilikuwa kula. Nikala ugali na samli. Nikala pilau ya mama yako, na pilau ya jirani, na ya jirani wa jirani ambaye angejisikia vibaya. Soda zikafunguliwa mbele yangu bila kuulizwa, na soda iliyokwisha kufunguliwa ni aibu kuiacha. Nami si ndiye mwenyekiti wa mchango wa ng'ombe wa mtaa? Mkesha wa Krismasi, tulipomaliza kugawa mafungu kwa kaya zote zilizochangia, wakanichomea nundu papo hapo, ya mwenyekiti, mafuta yanadondoka kwenye mkaa. "Mwenyekiti kala!" wakashangilia. "Kapona!"

Upendo wote ule, Kabula. Siufanyii mzaha. Watu walivuka maji kwa ajili yangu. Nimewahi kukaa nikashangaa ukubwa wa ziwa, lakini wiki ile nilishangaa zaidi ukubwa wa sufuria.

Na matembezi? Uliniuliza alfajiri: "Baba, leo?" Nikasema, "Leo wageni." Kesho yake: "Baba?" Nikasema, "Mgeni haachwi amelala." Halafu ukaacha kuuliza, maana na wewe ulikuwa kwenye mafiga unawapikia wageni haohao. Ndipo jioni moja ukaniambia, ukitazama pembeni, kwamba unaweza kuwaandikia Songea kuwa hutakwenda, kwamba walimu wanahitajika hata hapa, kwamba kazi zipo. Hukusema ni kwa sababu yangu. Ulisema ni kwa sababu ya mvua za kule.

Kesho yake ukaniona natoka alfajiri peke yangu, viatu mguuni. Nikarudi uso umelowa. Na siku iliyofuata. Ukafurahi, ukaanza kupanga nguo.

Huko uendako Disemba itakukuta, na itakuja kama ilivyonijia mimi, ikiwa na sahani mikononi na machozi ya furaha. Utakuwa mwalimu mgeni, na mwalimu mgeni hulishwa na mtaa mzima. Sikwambii ukatae. Mimi mwenyewe siwezi, ningekuwa mnafiki mwenye tumbo. Nilichokiona ni kwamba chakula chao hakikunidhuru kama kiti walichonikalishia baada ya chakula. Nilikuwa na nyumba imejaa watu wenye miguu, na haikunijia akilini hata siku moja kumwambia mmojawapo, njoo tupande, nikuonyeshe kitu. Nililificha jambo zuri kuliko yote niliyonayo kana kwamba ni tabia mbaya. Usinifuate hapo. Ukipata kilima Songea, na nasikia huko hakuna kitu kingine ila vilima, mchukue mtu. Anza na anayekupikia.

Sasa nikwambie ukweli, kabla hujarudi ukakuta nimejifanya nimelala.

Nianze na dogo. Kifungo. Mama yako amekisogeza. Siyo sana, lakini amekisogeza, na paka ni shahidi wa hilo pia.

Jasho lile usoni lilikuwa maji ya ziwa. Alfajiri zile sikupanda mlima hata siku moja. Nilishuka mpaka kwenye ule mwamba bapa wa ufukweni, nikakaa, nikatafuna karanga nikitazama ndege, kisha nikanawa uso nikarudi. Nilitaka uondoke. Nilijiambia nitaanza ukishapanda basi.

Na ile damu uliyoifuta sakafuni haikuwa ya jogoo.

Asubuhi ile, baada ya sikukuu, nilipokaa kwenye mwamba nilivua viatu. Nikaweka mguu juu ya jiwe kuitafuta ile baridi. Haikuwepo. Nikasema labda hapa jiwe limebaki na joto la jana. Nikasogea. Haikuwepo. Nikawa natembea pekupeku juu ya mawe, nabonyeza hapa, nabonyeza pale, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, na kote ni kimya. Ziwa lilikuwa linang'aa vilevile kama siku ile yetu, mama, uzuri uleule, na mimi nimesimama ndani yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Nyuma yangu nikasikia: "Huyo mganga wako anakaa majini?"

Shangazi alikuwa amenifuata. Alidhani natoroka alfajiri kwenda kwa mganga, akataka amjue. Alikuwa amesimama kwenye jiwe la juu, khanga kiunoni, hahemi hata kidogo. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Nani amechinja hapa?"

Nikageuka. Kwenye mwamba, nyayo nyekundu zilikuwa zinatoka pale nilipovulia viatu, zinazunguka nilikozunguka, zinasimama niliposimama, mpaka kwenye kisigino changu. Nilizitazama nikamwonea huruma mtu huyo, yeyote aliyekuwa. Ilinichukua muda kujua ni mimi.

Akashuka, akanigeuza nimwelekezee mgongo, akaushika mguu wangu akaukunja nyuma, kama anavyoinua ukwato wa ng'ombe. Akachomoa kipande cha chupa, chupa ya sikukuu bila shaka, akanionyesha kwa juu ya bega. Kirefu kama kucha yake.

"Umesikia nilipokitoa?"

"Sijasikia, shangazi."

Alimwona baba yangu akianza. Hakuhitaji kuelezwa. Akachana upindo wa khanga yake, akafunga, akakaa kando yangu. Akauliza, "Haya matembezi yenu na wifi. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Juu ya mlima."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Alicheka, akacheka mpaka akajishika ubavu, kisha nikamweleza yote: kauzi ka daktari, sauti ya pili, jiwe lililonirudishia baridi yake. Jua likatoka upande wa mjini, mawe yote yakageuka rangi ya mkate.

"Kwa hiyo ule wembamba," akasema polepole, "ndio ulikuwa uzima."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaja na samli."

"Ulikuja kwa upendo, shangazi."

"Nyamaza."

Nikarudi nimemwegemea, mwanamke ambaye alikuwa mkubwa tayari mimi nikiwa mgongoni. Damu ikapenya kitambaa, ikadondoka sebuleni, na tukasikia mlango wako. Nikafungua kinywa. Kabla sijasema, Shangazi, ambaye nadhani hajasema uongo tangu abatizwe, alikwisha kutoka nje, amemkamata jogoo. Ukasikia makelele, ukaambiwa amemponyoka akiwa amechinjwa nusu, akakimbilia ndani. Ukacheka, ukachukua tambara ukafuta. Jogoo yule alikufa kwa ajili ya uongo wangu, na mchana nikamla.

Lakini shangazi aliniwekea sharti kule ufukweni: "Mtoto asafiri. Ila ujue hatafika huko bila kujua." Ndiyo maana barua hii iko chini ya karanga. Usishuke. Ukishuka njiani atanilaumu mimi.

Tulikwenda kliniki siku uliyokuwa kwa fundi cherehani. Kidonda kimesafishwa, ni kisafi, kinafunga. Nimeambiwa nisipande mlima mpaka kipone, na nisikanyage tena jiwe pekupeku, hata kwa mapenzi. Nitaligusa kwa kiganja, kama wewe. Kwa sasa nafanya mazoezi nimekaa, nanyanyua mapropela dukani, wateja wanadhani nimechanganyikiwa. Shangazi amesema haondoki mpaka Pasaka. Samli ameigawa kwa majirani. Kidonda kikifunga tutapanda wote, ameapa, anataka kuliona hilo jambo la kwenda na kurudi.

Kila siku ananigeuza, anaukunja mguu, anaukagua kwa miwani ya mama yako. Leo alfajiri alikuwa ametoka kuosha vyombo, mikono ina maji ya baridi.

"Fumba macho," akasema. "Unasikia?"

Kabula, nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lilelile la zamani. Nikalimeza. Nikasubiri, kimya, nikasikia kuku nje, nikasikia wewe unajikohoza chumbani. Safari hii nilisubiri mpaka aniguse.

Kidole gumba, bado. Kisigino, ndiyo.

Baba yako